Wageni 18, chai tatu

Swali: Nimealika watu 18 nyumbani kwa chai ya alasiri, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili. Keki, biskuti na vitafunwa vya chumvi nimeshavipangia. Kinachonitatiza ni chai yenyewe. Dukani kuna rafu nzima: nyeusi, ya kijani, nyeupe, za maua, za matunda, na nyingine zina majina nisiyoweza hata kuyatamka. Miongoni mwa wageni kuna mama mjamzito, wazee wawili ambao wakinywa chai jioni hawapati usingizi, na rafiki mmoja anayejiona bingwa wa chai. Niandae aina ngapi, na zipi? Sitaki kuaibika.

Jibu: Dada yangu, tatu zinatosha. Ukiwa na mtu wa kukusaidia jikoni, ongeza ya nne, tena iwe ya baridi. Wenyeji wengi hudhani ukarimu ni kupanga makopo kumi mezani na kumwambia kila mgeni achague anayoitaka. Basi kila mtu anataka kikombe chake, kila kikombe kina majani yake na muda wake, na wewe unashinda jikoni huku kicheko kinasikika sebuleni.

Kabla ya majina, kuna jambo ambalo muuza duka hatakwambia, kwa sababu yeye anauza pakiti, haandai karamu. Chai nyingi zinazosifiwa sana zinataka uzisimamie. Chukua sencha, chai ya kijani ya Japani: maji ya nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, dakika moja au mbili, kisha majani yatoke. Ukiwa peke yako hilo si tatizo. Siku ya karamu unamimina maji, mlango unabishwa, mgeni kaja na watoto ambao hukuwahesabu, unatafuta viti, mwingine anauliza aweke wapi mkoba wake. Ukikumbuka buli, dakika 12 zimepita, na ile sencha ya bei mbaya ina ukakasi wa ndizi mbichi.

Kwa hiyo mimi sifa ya kwanza ninayoitafuta katika chai ya wageni wengi ni uvumilivu: ikisahauliwa kidogo isiharibike. Harufu nzuri, jina kubwa na kopo la kupendeza vitafuata baadaye.

Sifa hiyo unaweza kuipima mwenyewe siku chache kabla. Weka gramu 2 za majani, yaani kijiko kidogo kimoja hivi, kwenye kikombe cha mililita 200. Mimina maji ya joto linalofaa chai hiyo. Onja dakika ya nne, ukiyaacha majani humo humo. Kisha nenda kafanye kazi nyingine, urudi dakika ya 15 uonje tena. Usitazame rangi, maana itakudanganya; sikiliza mdomo. Kama fizi zimekauka, pembe za ulimi zinavutwa na unatamani maji, chai hiyo ibaki kuwa ya kunywa peke yako. Kama imekuwa nzito tu, bado ina utamu wake na unaweza kuimaliza bila kukunja uso, hiyo ndiyo ya karamu.

Sababu yake ni kwamba jani halitoi kila kitu kwa wakati mmoja. Asidi za amino, zinazoleta ule utamu wa mbali, hutoka mapema, na kafeini nayo haichelewi. Tanini zinazoleta ukakasi huendelea kutoka polepole kadiri majani yanavyokaa, na maji yakiwa ya moto zaidi hutoka kwa wingi zaidi. Pengine umesikia kwamba waonjaji wa kazi huloweka gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, kwa dakika 6. Ni kweli, na utaratibu huo una kanuni yake ya kimataifa, ISO 3103. Lakini lengo lake ni kupata kipimo kimoja cha kulinganishia chai, ili kasoro zionekane wazi. Kikombe cha namna hiyo hatengewi mgeni.

Sasa majina. Chai itakayobeba karamu yako ni nyeusi, hii tuliyoizoea. Chai zote za kweli, nyeusi, ya kijani, nyeupe na Oolong, zinatoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis. Zinazotofautiana ni kazi zinazofanyiwa jani baada ya kuchumwa. La kijani hupashwa joto mapema, kwa mvuke au kwa kikaango, lisiendelee kubadilika. La chai nyeusi hunyaushwa, hupondwa, kisha huachwa likutane na hewa mpaka ligeuke rangi ya shaba, ndipo likaushwe. Safari hiyo ndefu ndiyo inayoipa chai nyeusi ubavu wa kuhimili maji yanayochemka, maziwa, sukari na mwenyeji aliyesahau.

Ipi katika nyeusi? Inategemea wageni wako wanakunywaje. Kama wengi ni watu wa maziwa, tafuta Assam, chai ya kaskazini-mashariki mwa India, au mchanganyiko wowote wenye Assam ndani yake. Ladha yake ni nzito, yenye kitu kama kimea, na haipotei maziwa yakiingia. Maziwa yenyewe yana kazi zaidi ya kubadili rangi: protini yake, kaseini, hushikana na tanini, na ule ukakasi unapungua. Ndiyo maana chai iliyozidi kukolea huokolewa na maziwa kuliko sukari. Kama wengi wanakunywa chai ya rangi, Ceylon, yaani chai ya Sri Lanka, inafaa zaidi. Ni changamfu, rangi yake kikombeni ni nyekundu ya kung'aa, na inakubali kipande cha limau. Keemun ya China nayo ni laini sana bila maziwa, ila si kila duka linayo.

Angalia pia umbo la majani. Chai ya punje ndogo ndogo imekatwa na kuraruliwa kwa mashine, na hukolea ndani ya dakika mbili au tatu. Ina nguvu na inapenda maziwa, lakini ukiiacha ndani ya buli inakuwa kali haraka. Majani marefu yaliyosokotwa yanachukua dakika nne au tano na yanasamehe zaidi. Kwa chai ya maziwa chukua punje bila wasiwasi. Kwa chai ya rangi ningekushauri majani.

Usishawishike na Darjeeling, chai ya milimani India, ya mavuno ya kwanza kwa ajili ya watu 18. Ni chai nzuri mno, huchumwa kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Aprili, nyepesi, yenye harufu ya maua. Maziwa yanaizika, keki yenye krimu inaizidi nguvu, na ikikaa dakika tatu zaidi inakukwaruza. Lakini hapa ndipo pa kumweka rafiki yako bingwa. Nunua kifurushi kidogo, gramu 25 tu, mpe buli dogo na mwambie hiyo ni idara yake. Atawaonjesha wawili watatu wanaopenda hadithi za chai, atakuwa na furaha, na hatapata nafasi ya kukusahihisha mbele ya watu.

Chai ya pili ndiyo ningeifikiria kwa makini kuliko zote: ile isiyo na kafeini. Wengi huiweka kama nyongeza, kifuko kimoja cha kamomili pembeni kwa ajili ya huyo mmoja mwenye masharti. Kwako wewe wapo watatu wanaojulikana, na nakuhakikishia wengine watajitokeza. Kikombe cha mililita 200 cha chai nyeusi mara nyingi kina kati ya miligramu 30 na 60 za kafeini, kutegemea chai na muda. Mwilini mwa mtu mzima kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu, ingawa watu hutofautiana sana. Kwa hiyo kikombe cha saa kumi alasiri, saa tatu usiku nusu yake bado iko kazini. Wazee wako hawalalamiki bure. Kwa mjamzito kafeini hukaa muda mrefu zaidi, hasa miezi ya mwisho. Mamlaka ya chakula ya Umoja wa Ulaya, EFSA, mwaka 2015 ilitaja miligramu 200 kwa siku kutoka vyanzo vyote kuwa kiasi kisicholeta wasiwasi kwa mjamzito, na 400 kwa mtu mzima mwingine mwenye afya. Kikombe kimoja cha chai yako hakitamdhuru, lakini hujui ameshakunywa nini tangu asubuhi. Muwekee chai ambayo hahitaji kuipigia hesabu.

Chaguo langu ni rooibos. Ni kichaka cha Afrika Kusini, kutoka milima ya Cederberg, kisicho na undugu na mchai. Hakina kafeini kabisa, tanini zake ni chache, rangi yake ni nyekundu ya kuvutia, na kina utamu wa asili. Kwa jaribio la dakika 15 rooibos haina mpinzani: iache dakika 20, iache nusu saa, haichachamai. Inakubali maziwa, inakubali limau, inakubali kunywewa kavu. Mgeni anayeinywa hajioni kama mgonjwa aliyetengewa dawa, kwa sababu kikombe chake kinafanana na cha jirani yake. Mimi nikiandaa, ninaiweka kwenye buli kubwa sawa na lile la chai nyeusi, na mara nyingi huisha kwanza.

Kuna mambo matatu ambayo watu huyakosea hapa. Kwanza, chai ya kijani si chai isiyo na kafeini. Inayo, mara nyingi pungufu kidogo ya nyeusi, na matcha, ambayo unakunywa jani lenyewe lililosagwa, inaweza kuizidi. Pili, chai nyeusi iliyoondolewa kafeini kiwandani hubaki na kiasi kidogo. Kwa wazee wako pengine inatosha, lakini usimwambie mtu kwamba haina kabisa. Tatu, ule ushauri wa kuloweka majani nusu dakika, kumwaga maji ya kwanza na kuweka mengine ili kafeini iondoke, hausaidii. Sekunde 30 huondoa sehemu ndogo tu, na pamoja nayo unamwaga harufu uliyoilipia.

Uwe mwangalifu na michanganyiko ya mitishamba yenye majina ya kubembeleza. Soma viungo nyuma ya pakiti. Ukiona mzizi wa susi, ule unaoleta utamu bila sukari, ujue ukinywewa kwa wingi hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu. Mtu mwenye presha asipewe. Kamomili ni ya jamii ya alizeti, na wapo watu wenye mzio wa maua ya jamii hiyo. Baadhi ya chai za matunda huwekwa vipande vya lozi. Mama mjamzito muulize mapema daktari wake amemruhusu nini, maana si kila jani la dawa linafaa tumboni. Rosela, yale maua mekundu ya kuloweka, kwa mfano, hushauriwa aiepuke. Tangawizi kidogo na rooibos kwa kawaida hazina ubishi.

Ya tatu iwe ya harufu. Makosa mengi ya uchaguzi hutokea hapa. Mtu hununua chai ya asubuhi ya Kiingereza, Assam na Ceylon, anaziita aina tatu, na wageni wanakunywa chai moja mara tatu. Mgeni asiye mwonjaji hatambui tofauti hizo mpaka vikombe viwekwe sambamba. Chai zako zitofautiane kwa pua kabla hata ya ulimi, ili mtu akipita mezani ajue hapa kuna kitu kingine.

Rahisi kuliko zote ni Earl Grey: chai nyeusi iliyotiwa mafuta ya bergamoti, tunda la jamii ya machungwa linalolimwa zaidi Calabria, kusini mwa Italia. Kwa kuwa msingi wake ni chai nyeusi, inavumilia. Inakwenda vizuri na keki za kawaida na biskuti za siagi. Nusa kabla ya kununua, kwa sababu zipo zilizotiwa mafuta kupita kiasi hadi zinanuka sabuni ya kuogea. Tena Earl Grey ipe buli lake peke yake, na hata chupa ya chai usiichangie. Mafuta yale hung'ang'ania kwenye kifuniko na mpira, na rooibos yako itanukia bergamoti wiki nzima.

Ukitaka kitu cha upole zaidi, kuna chai ya asumini. Iliyotengenezwa kwa njia ya zamani hutandazwa pamoja na maua mabichi yanayofunguka usiku, na majani hunyonya harufu hiyo. Kazi hurudiwa usiku kadhaa. Mara nyingi msingi wake ni chai ya kijani, kwa hiyo maji yawe kama nyuzi 80 na majani yatoke baada ya dakika tatu. Huna kipimajoto? Changanya sehemu tatu za maji yanayochemka na sehemu moja ya maji safi ya kunywa yaliyokaa mezani, utapata takriban nyuzi 80. Sehemu mbili kwa moja zitakupa kama 75. Anza na ya baridi, kisha ongeza ya moto, ndipo utie majani.

Chaguo langu binafsi kwa wageni wadadisi ni Oolong iliyokaangwa kidogo. Iko katikati ya kijani na nyeusi, ina harufu ya karanga zilizochomwa, na majani yake huweza kuongezwa maji mara mbili tatu bila kuchoka. Lakini wageni wako sijui kama ni wadadisi. Ukiwa na shaka, Earl Grey.

Ile ya moshi, Lapsang Souchong, ambayo majani yake hukaushwa kwa moshi wa msonobari, iache dukani. Naipenda. Lakini ukifunua buli lake kwenye chumba chenye watu 18, nusu yao wataulizana nini kinaungua jikoni.

Chai ya baridi ndiyo inayokupa pumzi, kwa sababu unaitengeneza usiku wa kuamkia karamu. Tia gramu 10 za majani kwenye lita moja ya maji safi ya baridi, funika, weka kwenye friji kwa muda wa saa sita hadi nane, chuja. Maji baridi hayavuti tanini nyingi, kwa hiyo hata chai ya kijani hutoka laini bila ukakasi. Iloweke ndani ya friji, si mezani wala juani. Maji ya uvuguvugu yaliyokaa saa nyingi na majani ni makao ya vijidudu. Wengine hupika chai ya moto iliyokolea na kuipoza ghafla kwa barafu. Inafaa, ila inaweza kupata ukungu, kwa sababu kafeini na tanini hushikana zinapopoa. Haijaharibika. Maji ya moto kidogo huirudisha kuwa angavu.

Rosela ya baridi inapendeza sana kwa rangi, na haina kafeini, basi wazee wako watakuwa na chaguo la pili. Ila iweke mbali na jagi la maziwa. Rosela ina asidi kali. Nimemtazama mgeni akitia maziwa kwenye kikombe cha rosela ya moto, kwa mazoea tu, bila kutazama: kwanza rangi ikageuka zambarau ya kijivu, kisha vipande vyeupe vidogo vikapanda juu vikizunguka na kijiko, yeye akaendelea kukoroga akidhani ni sukari haijayeyuka. Limau na maziwa ndani ya chai ya kawaida hufanya vivyo hivyo. Hivyo viwili vikae pande mbili za meza. Maziwa ya soya nayo huganda kwa urahisi kwenye chai kali ya moto; ya shayiri hustahimili zaidi.

Kuhusu vitafunwa sitakuchosha. Keki yenye sukari nyingi hufanya chai nyepesi ionekane kama maji, kwa hiyo inataka Assam au Ceylon iliyokolea. Krimu na siagi hupenda chai yenye ukakasi kidogo, maana ndio unaosafisha mdomo. Chokoleti nyeusi iende na Assam, matunda na asumini, vitafunwa vya chumvi na Oolong au chai yoyote ya rangi. Rooibos haigombani na chochote. Sukari iwekwe pembeni; ukiitia ndani ya buli umewaamulia watu 18 kwa mkono mmoja.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu huaibika kweli, wala si kwenye majina. Kwa saa mbili mtu mmoja hunywa vikombe viwili hadi vitatu; tuseme viwili na nusu. Mara 18 ni vikombe 45. Kila kikombe mililita 200, jumla lita 9. Buli la lita moja hujaza vikombe vitano tu, kwa hiyo usitegemee buli moja zuri la harusini. Gawa hivi: chai nyeusi lita 4 na nusu, rooibos lita 2, ya harufu lita 1 na nusu, ya baridi lita 1. Kwa za moto kipimo cha gramu 12 kwa lita kinatosha. Utahitaji basi kama gramu 55 za chai nyeusi, 25 za rooibos, 20 za ya harufu na 10 za ya baridi. Unaona kwamba si nyingi. Fedha uliyotaka kugawa kwenye aina kumi za hovyo inatosha kununua tatu nzuri.

Lita 4 na nusu za chai nyeusi usizipike kwa mkupuo. Pika nusu kabla tu ya wageni kufika, chuja, weka kwenye chupa ya chai. Baada ya saa moja pika nyingine. Chai nyeusi na rooibos zikishachujwa hukaa vizuri kwenye chupa kwa muda huo. Ya kijani haikai: hugeuka rangi ya kahawia na harufu inakufa, kwa hiyo asumini ipikwe buli kwa buli. Chupa iwe haijawahi kubeba kahawa. Harufu ya kahawa haitoki kwenye chupa hata uiloweke vipi, na chai ndiyo kinywaji kinachoitangaza zaidi.

Kuna njia nyingine ambayo mimi huipenda kuliko chupa. Pika chai nyeusi nzito mara nne, gramu 48 kwa lita moja, dakika tano, chuja vizuri ndani ya buli. Pembeni weka birika la umeme lenye maji ya moto. Mgeni anamimina robo kikombe ya chai nzito na kuijazia maji. Anayependa nyepesi anaongeza maji, anayependa kolezo anapunguza, na wewe umekaa. Lita hiyo moja inakuwa lita nne. Majani yameshatoka, kwa hiyo hakuna kinachoendelea kuharibika. Njia hii inaifaa Assam, Ceylon na rooibos. Kwa Earl Grey harufu inapungua, na chai ya kijani usiijaribu nayo.

Ukipenda chai iende mezani ndani ya buli kwa ajili ya kupendeza, basi uwe na mabuli mawili kwa kila chai: moja la kulowekea jikoni, la pili la kupeleka mezani baada ya kuchuja. Lisuuze la pili kwa maji ya moto kwanza, maana kauri baridi hunyang'anya chai joto jingi tangu mwanzo.

Maji nayo. Kama ya kwenu ni magumu, yale yanayoacha magamba meupe ndani ya birika, chai itakuwa na utando juu na ladha itafifia. Yachuje kwa chujio la maji au tumia ya chupa yenye madini machache, angalau kwa ile ya harufu. Na kama mnaishi kwenye mwinuko, maji yenu huchemka kabla ya kufika nyuzi 100; kwenye mita 1,500 hivi huchemka karibu na nyuzi 95. Chai nyeusi ipe dakika moja ya ziada.

Mbele ya kila buli weka kikaratasi kidogo: jina la chai, ina kafeini au haina, na kama ina viungo vya ziada uvitaje. Mama mjamzito na wazee hawatalazimika kuuliza kwa sauti mbele ya watu, na wewe hutajibu swali moja mara 18.

Nunua siku nne au tano kabla, ujaribu kila moja nyumbani kwa birika lako na maji yako, kwa kuwa chai uliyoonja dukani ilipikwa kwa maji ya dukani. Ukifungua pakiti harufu ikupande puani yenyewe. Kama inabidi uchimbe pua ndani, imelala rafuni muda mrefu. Vifuko vya karatasi si dhambi kwa chai nyeusi na rooibos, na kwa watu wengi vinarahisisha kipimo, mradi usome uzito: vifuko vingi vina gramu 2 kila kimoja, hivyo lita moja inataka vifuko sita. Kwa ya harufu nunua majani. Zitakazobaki zitie kwenye kopo lisilopenyeza mwanga, lenye kifuniko kinachobana, na liwe kabati tofauti na iliki, mdalasini na sabuni. Nyeusi na rooibos zitakaa hivyo mwaka mzima bila shida. Ya asumini na ya kijani zimalize ndani ya miezi michache.